Udongo wa Tabo

Harufu niliitambua kabla sijaona kinachofanyika. Nilikuwa nimeingia ua wa nyumba moja kijijini Tabo, katika bonde la Spiti kaskazini mwa India, asubuhi ya mwezi wa Septemba, na pua ikaniambia: hapa kuna watu wanakandika. Ni harufu ya udongo uliolowekwa usiku kucha pamoja na mabua yaliyokatwakatwa. Nilipozunguka kona nikamkuta mzee mmoja amekunja suruali hadi magotini, anakanyaga tope ndani ya shimo la duara. Mama mmoja wa makamo alikuwa akimwaga maji kidogo kidogo kwa kopo, na kijana akipakia karai na kupanda nalo ngazi hadi juu ya paa.

Mimi ni mtoto wa nyumba ya udongo. Nimekulia milimani Usambara, na kila mwaka baada ya masika mama alitukusanya watoto watano, tukachimba udongo bondeni, tukaukanyaga, tukaziba nyufa zilizoachwa na mvua. Tuliichukia kazi ile. Mama alifariki, kila mmoja wetu akawa na mji wake na shughuli zake, na miaka miwili baadaye jirani akapiga simu kusema ukuta wa nyuma umelala. Hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo nilipofunga safari ya Himalaya. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba Wabuddha wa milima ile wametumia zaidi ya miaka elfu wakitafakari jambo lililokuwa likininyima usingizi: ikiwa kila kitu kinapita, maana ya kuhangaika ni nini?

Nilitegemea jibu la maneno. Sikutegemea karai.

Spiti haifikiki kwa haraka. Nilitokea Shimla nikapita Kinnaur, na kwa kuwa barabara ile inapita karibu na mpaka wa Tibet, mgeni wa nchi nyingine lazima awe na kibali maalumu. Mpaka mwaka 1992 wageni wa aina yangu hawakuruhusiwa kabisa. Huko Khab mto Spiti unamwagikia mto Sutlej ndani ya korongo jembamba, na ukishapita hapo rangi ya kijani inakatika. Mawingu ya monsuni hukwama upande wa pili wa milima, na upande huu yanafika mabaki tu. Unabaki na mawe, vumbi, anga ya buluu iliyokolea, na mara moja moja kipande cha kijani kando ya kijito: shayiri, njegere, mierebi michache, na huko Tabo bustani za matufaha. Kila kipande hicho ni kazi ya mtu. Maji ya theluji inayoyeyuka huko juu yameelekezwa kwa mifereji iliyochongwa ubavuni mwa mlima, nyumba kwa nyumba, kwa zamu ambazo kila ukoo unazijua.

Kaza, mji mkuu wa bonde, uko zaidi ya mita 3,600 kutoka usawa wa bahari. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu anaijua hali hiyo: ni karibu sawa na Horombo, mahali unapolala usiku wa pili kichwa kikigonga, ukijiuliza kama utafika. Spiti watu huzaliwa katika kimo hicho, wakalima, wakaoa, wakazeeka. Wako 12,000 hivi katika bonde zima. Wana neno moja, julley, la kusalimia, kushukuru na kuagana, na ndani ya siku tatu nilikuwa nalitumia kwa yote matatu bila kufikiri.

Hekalu la kale la Tabo liko hatua chache kutoka ua ule wa udongo. Kwa nje halina fahari yoyote. Ni kuta nene za udongo, rangi yake na ya mlima ni moja, na mtu aliyezoea picha za monasteri zilizoning'inia juu ya majabali anaweza kulipita akidhani ni ghala. Lilijengwa mwaka 996, enzi za Yeshe-Ö, mfalme wa Guge aliyejivika joho la utawa, wakati dini ya Buddha ilipokuwa ikifufuliwa upya Tibet ya magharibi. Mapokeo yanalihusisha na Rinchen Zangpo, mtafsiri mkubwa aliyevuka milima kwenda Kashmiri kujifunza, akarudi na maandiko pamoja na mafundi.

Unavua viatu, unaingia gizani. Picha haziruhusiwi, na ni vizuri, maana macho yanahitaji muda. Mwanga unatoka kwenye uwazi mdogo darini, na kadiri dakika zinavyopita ndivyo kuta zinavyoanza kukutazama. Sanamu 32 zimebandikwa ukutani juu ya kimo cha mtu, kila moja imekaa kana kwamba inaelea, na katikati ya ukumbi amekaa Buddha Vairocana wa nyuso nne. Ukumbi wote umepangwa kuwa mandala, mchoro mtakatifu wa ulimwengu, kwa hiyo anayeingia haangalii mandala kwa mbali, yumo ndani yake. Nilisogea karibu na sanamu moja, karibu kiasi cha kuona ufa mwembamba kama unywele kwenye kiwiko chake, na ndani ya ufa ule, chini ya rangi, nikaona tena kitu nilichokiacha nje uani. Ni udongo. Watukufu wa Tabo nao ni wa udongo.

Ukutani mle kuna maandishi ya kale yanayoeleza habari za hekalu lenyewe. Yanamtaja Yeshe-Ö aliyelianzisha. Kisha yanasema kwamba miaka 46 baadaye Jangchub Ö, wa ukoo wake, alilikarabati. Yaani ilikuwa mwaka 1042. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote katika safari ile. Jengo halijatimiza hata nusu karne, tayari limehitaji mkono wa pili, na walioishi wakati ule hawakuona aibu kuliandika. Hawakutaka tuamini kwamba lilisimama lenyewe. Aliyejenga na aliyeziba nyufa wamewekwa kwenye ukuta mmoja, wino mmoja.

Sisi tuna methali ambayo kila mtoto anaijua, usipoziba ufa utajenga ukuta, na tunaitumia kuonya wazembe. Lakini sijui ni mahali gani kwetu ambapo jina la mzibaji limeandikwa. Jiwe la msingi lina jina la mgeni rasmi na tarehe. Mlango wa taasisi una jina la mwanzilishi. Anayepanda juu ya paa kila mwaka kuangalia panapovuja hana jina, na huenda hiyo ni sababu mojawapo ya majengo yetu mengi kuzeeka kabla ya wajenzi wake. Nasema hivi nikijihesabu.

Nisije nikaifanya Spiti kuwa nchi ya malaika. Monasteri za huku zina hesabu zake za kidunia, na wenyeji hawazifichi. Ardhi yenye maji ni ndogo mno. Kwa desturi ya zamani mwana wa kwanza alirithi nyumba na shamba lote, na wadogo zake wengi walipelekwa utawani, ili shamba lisigawanywe mpaka likakosa kumlisha yeyote. Mtoto aliyevaa joho jekundu akiwa na miaka saba hakuwa amechagua ukimya. Alichaguliwa na upungufu wa maji. Lakini baadhi yao walikuwa wanazuoni na wachoraji, wakayapa maisha waliyopangiwa uzito ambao waliowapanga hawakuuwazia. Ninaona hilo ni la maana zaidi kuliko hadithi ya mtu aliyeacha utajiri akakimbilia pangoni. Wengi wetu hatukuchagua tulipozaliwa wala kazi iliyotuangukia. Swali linalobaki ni tutaishika vipi.

Katika monasteri moja juu ya Kaza niliwakuta watawa wanne wamepiga magoti kuzunguka meza ya mbao, wanatengeneza mandala ya mchanga. Nilikuwa nimesikia habari za kazi hii, ila kuisoma na kuiona ni vitu viwili. Kila mtawa anashika bomba jembamba la chuma liitwalo chak-pur, lenye meno meno ubavuni, na kwa fimbo nyingine ya chuma anayakwaruza yale meno. Bomba linatetemeka na mchanga wa rangi unashuka punje moja moja, kama chumvi kwenye kidole cha mpishi. Mlio wake ni wa nyenje. Mmoja wao alikuwa amejifunga kitambaa mdomoni ili pumzi yake isiharibu mstari mweupe usiozidi unene wa uzi. Aliutazama mstari ule kwa utulivu ambao mimi sijawahi kumpa mtu yeyote, hata niliowapenda.

Siku ya mwisho, baada ya sala, mtawa mkubwa alikata mistari kutoka ukingoni kuelekea katikati. Kisha wakaufagia mchanga wote kwa brashi. Nyekundu, kijani, njano, buluu, vyote vikawa rundo moja la rangi ya majivu. Waliokuwepo tulipewa kijiko kimoja kimoja kwenye karatasi, na uliobaki ukapelekwa mtoni ukamwagwa. Mama mmoja mtalii aliyesimama karibu nami alilia.

Miaka yote nilikuwa nimeielewa ibada hii kwa namna moja: inafundisha kwamba hakuna kinachofaa kushikwa, basi fungua mkono. Na kwa mtu aliyefiwa fundisho hilo lina faraja ya haraka. Nyumba ya mama imeanguka? Kila kitu huanguka. Ndivyo nilivyokuwa nikijiambia, na ndivyo nilivyowaambia ndugu zangu kwenye simu.

Lakini niliwafuata watawa kutoka mtoni, ndiyo maana nikaona kilichofuata. Mtawa kijana alirudi ndani, akayachukua yale mabomba ya chuma, akayapangusa moja baada ya jingine kwa kitambaa kikavu, akachungulia ndani ya kila moja dhidi ya mwanga wa dirisha, akalipuliza, akaliviringisha kwenye kitambaa cha njano na kuliweka sandukuni. Alifanya taratibu kama alivyofanya mwenzake juu ya mstari mweupe. Mandala ilikuwa imekwenda na maji, ila vyombo vyake vinatunzwa. Kipimo cha kila duara na kila lango la mandala kimekaa kichwani mwa wale wanne, na kitahamia kwa watoto waliokuwa wamekaa pembeni wakitazama. Walichokiachilia ni kile walichokuwa na uwezo wa kukifanya tena. Uwezo wenyewe hawakuuachilia hata kidogo.

Nilikuwa nimelielewa fundisho nusu nusu, tena ile nusu iliyoniruhusu kukaa. Nagarjuna, mwanafalsafa wa India wa karne ya pili ambaye shule za Tibet zinamheshimu sana, alifundisha kwamba vitu ni vitupu, na neno hilo limewaogopesha wengi. Utupu anaouzungumzia si kusema kwamba vitu havipo wala havina thamani. Anasema hakuna kitu chenye kuwa chake peke yake: kila kilichopo kipo kwa sababu vingine vinakishikilia. Ukilisoma hilo kwenye kitabu ni gumu. Ukilitazama kwenye paa la Tabo ni jambo la kawaida kabisa. Paa la huku ni bapa. Chini kuna boriti, juu yake matawi ya mierebi yaliyosukwa karibu karibu, halafu udongo tabaka juu ya tabaka. Theluji ikianguka lazima ifagiliwe mapema, usiku au mchana, kabla uzito wake haujakandamiza boriti na maji yake hayajazama. Paa lile haliwezi kusemwa kwamba lipo kama jiwe lilivyopo. Lipo kwa sababu kuna anayefagia, na siku atakapoacha litaanza kutokuwepo.

Kwa hiyo kupita kwa vitu hakukunipa tena ruhusa ya kupumzika. Kama nyumba ingekuwa ya milele isingenihitaji. Inanihitaji kwa kuwa inabomoka, na hapo ndipo mapenzi yanapopata kazi ya kufanya.

Juu ya Kaza, katika kijiji cha Langza kilicho mita 4,400 hivi, nilipata ushahidi mwingine wa kupita kwa vitu, na huu ulinizidi kimo. Ukitembea kwenye miteremko ya mawe meusi unaweza kuokota jiwe la duara, ukaligeuza, ukakuta limeviringika ndani kama pembe ya kondoo dume. Ni kisukuku cha amonaiti, mnyama wa baharini wa jamii ya pweza aliyeishi ndani ya gome. Hapa juu kabisa, mbali na pwani yoyote, palikuwa sakafu ya bahari ya Tethys. Bamba la India, ambalo zamani lilikuwa limeshikamana na Madagaska na Afrika yetu, lilikatika likasafiri kaskazini kwa mamilioni ya miaka, na miaka milioni 50 hivi iliyopita likaigonga Asia. Bahari ikakunjwa ikawa milima, na milima bado inainuka. Nilikirudisha kile kisukuku mahali pake. Mbele ya muda wa namna hiyo miaka elfu ya Tabo ni kama kupepesa jicho, na ninajua wapo wanaofika hapo wakaona kila juhudi ya binadamu kuwa bure. Mimi niliona kinyume. Katika dunia ambayo hata sakafu ya bahari haibaki mahali pake, kuna watu waliamua kukitunza chumba kimoja chenye giza, na wamekitunza.

Hawakufaulu kila mahali. Tetemeko la Kinnaur la tarehe 19 Januari 1975 lilizitikisa monasteri za bonde zima, na kuta za Tabo zikapata nyufa. Watu wakalishughulikia hekalu lao, na mwaka 1983 Dalai Lama akaja kuongoza ibada kubwa ya Kalachakra. Mwaka 1996 akarudi, hekalu lilipotimiza miaka elfu. Lakini monasteri ya Dhankar, iliyokaa juu ya ncha ya jabali zaidi ya mita 300 juu ya mto, iko taabuni kwa sababu jabali lenyewe linamomonyoka. Mwaka 2006 iliwekwa kwenye orodha ya dunia ya majengo 100 ya kale yaliyo hatarini. Watawa wamejenga monasteri mpya karibu na hapo, wanasali huko, na ya zamani wanaiangalia kwa kadiri inavyowezekana. Na huko Zanskar, bonde jingine la Himalaya, kijiji cha Kumik kimelazimika kuanza kuhama kwa kuwa theluji iliyokinywesha imepungua juu ya mlima wake. Hapo hakuna wa kuziba ufa, maana ufa uko angani.

Hili ndilo linalonitia hofu kwa ajili ya Tabo. Udongo ule umedumu kwa sababu mvua ilikuwa haba. Sasa hali ya hewa ya milima hii inayumba. Jirani yao Ladakh, usiku wa kuamkia tarehe 6 Agosti 2010, mvua ya ghafla ilishuka juu ya Leh na vijiji vyake ikaleta maporomoko ya tope yaliyoua watu wengi, mahali ambapo mababu hawakujenga kwa ajili ya mvua kwa kuwa hapakuwa na mvua. Paa lililotengenezwa kubeba theluji kavu haliwezi kubeba dhoruba ya saa tatu. Watu wa Spiti hawachomi makaa ya mawe ya kutosha kubadilisha anga ya mtu yeyote. Ufa huo tumeutoboa wengine, tuliokaa mbali, na ni wajibu wetu kuuziba.

Nilirudi Tabo siku moja kabla ya kuondoka. Yule mzee alikuwa bado anakanyaga. Nilimwuliza, dereva wangu akitafsiri, kama wanakandika kila mwaka. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa iwapo anakula kila siku. Akasema theluji inakuja kila mwaka. Nikavua viatu nikaingia shimoni bila kuombwa. Udongo ulikuwa wa baridi hadi mfupani, na miguu yangu, ambayo ilikuwa haijaifanya kazi hiyo kwa miaka 20, haikuhitaji kuelekezwa: kisigino kwanza, halafu unageuza, halafu unavuta. Yule mama alicheka akamwambia mzee neno. Dereva akanitafsiria: anasema huyu amefundishwa.

Nilibeba makarai tisa. Kwenye mwinuko ule kila moja lilinigharimu kusimama katikati ya ngazi kuvuta pumzi. Juu, kijana aliupokea udongo akausambaza kwa ubao, akausawazisha kwa kiganja chenye maji, akielekeza mteremko mdogo kwenye mfereji wa mbao unaotoa maji nje ya ukuta. Kutoka pale juu niliyaona mapaa ya hekalu yakiwa na rangi ileile, umbo lilelile, na milima nyuma yake.

Jua lilipozama tulikuwa tumebakiza upande wa kaskazini. Mzee alisema wataumaliza kesho, mvua isiponyesha. Nikasema julley, nao wakasema julley. Usiku ule niliwaandikia ndugu zangu wanne ujumbe mfupi: tukutane nyumbani mwezi wa Julai, ukuta umelala lakini udongo wake uko palepale.